Mpaka wa Saa Moja Usiku

Nilifika Kibosho saa tisa, nimechelewa,
pikipiki ilizima mara mbili kwenye kona za mlima.
Ndugu wawili walikuwa wamekwisha kusimama:
Aniseti upande wa migomba, Felisiani upande wa kahawa,
kila mmoja amekunja mikono
kama mlango uliokomewa kwa ndani.

Nikasimika miguu mitatu, nikafunga kifaa, nikasubiri.
Setilaiti tisa, kumi, kumi na moja zikaitika.
Nikasoma tarakimu, nikapigilia kigingi:
hapa.
Mama yao, Ndeanasia, akaleta chai kwa birika la bati.

Jua likazama nyuma ya Meru.
“Rudia,” akasema Felisiani, “tuhakikishe.”
Nikarudia. Kifaa kikasema: si hapo,
ni hatua mbili na nusu ndani ya kahawa.
Nikarudia tena. Sasa ni mgombani.
Setilaiti zikaanza kupotea mojamoja
kama wageni wanaoondoka matangani bila kuaga.
“Kabla ya chai,” akasema Aniseti,
“ulikuwa mtu mwaminifu.”

Ningewaambiaje?
Kwamba juu ya Kibo, juu ya njia ya ndege,
kilomita mia tatu, hewa nyembamba kuliko ahadi,
uko upepo usiotikisa jani,
si kaskazi, si kusi, haujawahi kubeba vumbi.
Jua likitua, unatimka
kutoka mchana wenye joto kuingia usiku.
Na huko juu jua limezivunja chembe za hewa,
limezitia umeme; upepo unazisukuma,
sumaku ya dunia imezifunga kamba.
Mbuzi wa kamba, umsukume mashariki,
ataruka juu.

Ndivyo ionosfia inavyonyanyuka magharibi, ghafla,
nzito juu, nyepesi chini,
na chepesi hakikubali kukaliwa:
mapovu yanapanda gizani, mapana kama wilaya,
pipa la mbege siku ya tatu.
Sauti ya setilaiti ikipita humo inatetemeka,
inafika imechelewa,
kwa kipande cha sekunde ambacho Kibosho hakina jina,
na kipande hicho kimehamisha mpaka wa marehemu.

Chuoni walitufundisha zaidi:
joto la mvua za Kongo nalo hupanda kama wimbi
mpaka likaufikia upepo ule na kuupinda.
Basi huenda radi iliyopiga Kisangani juzi
ndiyo iliyokanyaga kahawa ya Felisiani leo.

Nilisema tu: “Ni upepo. Tungoje alfajiri.”
Aniseti akatazama migomba.
Majani tuli. Hata lile lililochanika halikupepea.
“Upepo upi?”

Ndeanasia akawasha tochi ya simu,
akapita katikati ya mashina, akainama,
akafukua majani makavu kwa mkono.
Kisiki cha isale, kimekatwa kwa panga,
ubavuni kimechipua jani moja.
“Aliyekata,” akasema, “anajijua.”
Wanawe wakageuka kutazama viatu vyao,
wote wawili,
hilo ndilo lililonishangaza.

Nililala jikoni kwao, karibu na mafiga.
Saa kumi alfajiri mbingu ilikuwa imetulia,
setilaiti kumi na mbili zimenyooka kama wanafunzi mstarini.
Kigingi changu cha saa tisa kilikuwa sahihi.
Kutoka kigingi hadi kisiki: shibiri tatu.
Sikumwambia mtu lipi ni kosa la nani.
Niliandika vipimo vyote viwili,
na penye nafasi ya Sababu ya Tofauti nikaandika: upepo.

Ofisi ya Moshi imeirudisha fomu.
Wanataka neno jingine.